Ugeni Katika Bonde la Mkondoa

Watu wawili wasafirio pamoja huchukua baraza lao hata ugenini: wakishangaa hushangaa wao kwa wao, wakichoka huliwazana wao kwa wao, na wakipotea njia hushauriana kwanza kabla ya kumwuliza mpita njia, hata wakarejea makwao wakiwa wameuona mji wa watu kama mtu autazamaye mtaa kwa dirisha la nyumba yake mwenyewe. Aliye peke yake hana sitara hiyo. Kila alfajiri hana budi kumwamkia mtu asiyemjua, kila adhuhuri hana budi kuuliza chakula kinapatikana wapi, na kila magharibi hana budi kujieleza upya mbele ya wenyeji: ni nani, ametoka wapi, na anafuata nini. Kujieleza huko ndiko kulikonifundisha mengi katika safari yangu ya Kilosa na Mikumi, na ndiko kulikonishawishi kushika kalamu.

Nilizaliwa Saadani, kijiji cha mwambao kilichokuwa zamani bandari ya misafara iendayo bara, na sehemu kubwa ya umri wangu niliisomesha historia katika shule za Tanga na Pangani. Nilipostaafu na kuwaambia jamaa zangu kwamba nimeazimia kwenda Kilosa bila mwenzi, bila biashara na bila mwaliko wa arusi, swali la kwanza lilikuwa kama kuna msiba. Vijana wa mataifa ya mbali huvuka bahari wakaenda kukaa peke yao katika miji kama Cusco au Cartagena, wakauzunguka mji, wala hakuna awashangaaye. Walakini kwetu sisi mzee aendaye mahali kwa ajili ya kutazama na kusikiliza tu hutafutiwa sababu asiyoisema. Mimi sababu yangu niliisema waziwazi. Mto Mkondoa upitao Kilosa, ukisha kuungana na maji ya uwanda wa Mkata, huitwa Wami, na Wami humwaga maji yake katika Bahari ya Hindi kusini ya kijiji nilichozaliwa. Udongo uliokuwa ukiitia bahari yetu wekundu wakati wa masika, nilipokuwa mtoto, ulitoka milima ya Usagara, juu ya Kilosa. Na kutoka Saadani hiyo hiyo, mwezi wa Novemba 1884, Mjerumani Carl Peters na wenziwe walishika njia ya bara wakiwa na karatasi zao, wakaenda kuitwaa Usagara kwa kalamu. Nilisomesha habari hizo mbili, ya mto na ya karatasi, kwa watoto wa watu wengi, na nilitamani kuziona mahali zilipokutana kabla macho yangu hayajachoka.

Kutoka Morogoro nilipanda Kosta iendayo Kilosa kwa njia ya Dumila, pale ambapo mafuriko ya Januari 2014 yalilikata daraja hata barabara kuu ya kwenda Dodoma ikafungwa, na abiria wa pande zote mbili wakabaki wakitazamana juu ya maji. Tulipoiacha barabara hiyo kuu na kugeukia kushoto, uwanda ulifunguka wenye mahindi na ufuta, na milima ya Ukaguru ikawa inatusindikiza kwa mkono wa kulia. Niliteremka Msowero. Konda aliniuliza mara mbili kama nina hakika, kwa kuwa tikiti yangu ilikuwa ya Kilosa na begi langu lilikuwa moja, kisha akanitazama kwa huruma akasema, "Haya babu, gari zipo mpaka jioni."

Msowero ya leo ina maduka kando ya lami, vijana wa bodaboda wakisubiri abiria, na mashine ya kusaga inayonguruma tangu asubuhi. Chini ya mwembe palikuwa na mzee akisuka tenga la kuku, vidole vyake vikipitisha ufito bila ya macho kuvisimamia, na mbele yake palikuwa na kigoda kitupu, nami nikaona kwamba kigoda kile kimewekwa kwa ajili ya mtu kama mimi. Nikampa shikamoo. Akaitika marahaba, akaniuliza nimekuja kwa nani. Nilipomjibu kuwa sikuja kwa mtu, bali nimekuja kuiona Msowero ya Mangungo, aliliweka tenga chini.

"Watoto wa shule huja hapa na madaftari," akasema. "Wanauliza aliiuza kwa kiasi gani. Wewe mwalimu, kwanza niambie, wanafunzi wako uliwaambia nini."

Nikamweleza kama nilivyokuwa nikieleza darasani: kwamba tarehe 29 Novemba 1884 Peters alipata alama ya Mangungo, mtawala wa Msowero, katika hati iliyoandikwa kwa Kijerumani, lugha ambayo hakuna mtu wa Usagara aliyeijua, kwamba hati hiyo ilisema nchi yote pamoja na haki zake imetolewa kwa shirika la Wajerumani, kwamba hati kadha wa kadha za namna hiyo zilikusanywa katika majuma machache, baadhi yake zikitanguliwa na zawadi, vileo, na hata kuchanjiana undugu wa damu, na kwamba tarehe 27 Februari 1885, siku moja tu baada ya Mkutano wa Berlin kufungwa, Kaisari Wilhelm wa Kwanza alitoa hati ya kuzilinda nchi hizo kama milki. Seyyid Barghash wa Unguja alipopinga, manowari za Kijerumani zilitia nanga mbele ya kasri yake mwezi wa Agosti 1885. Mzee alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo wanafunzi wangu hawakulifanya siku zote.

"Mgeni akija," akasema kwa utaratibu, "unampa kiti, unampa maji, unampa pa kulala. Yule alipewa vyote vitatu. Ikiwa mgeni baadaye atasema kiti ni changu, na maji ni yangu, na nyumba ni yangu, hapo mwenye aibu ni nani?"

Sikuwa na la kuongeza, wala sina leo. Katika mabishano yetu ya siasa, mkataba unaodhaniwa kuwa mbaya hufananishwa upesi na mkataba wa Mangungo, na katika kufananisha huko lawama yote humwangukia aliyekaribisha, kana kwamba kosa la wizi wa amana ni la yule aliyeweka amana. Naliona jambo hili kuwa dhuluma juu ya dhuluma. Mtawala yule alimpokea mtu kwa kanuni alizozijua, kanuni ambazo zimeufanya mwambao na bara vijuane kwa karne nyingi kabla ya Mzungu. Aliyezivunja ni mgeni, na tena alizivunja kwa makusudi, akizijua faida zake. Nilikaa na mzee yule mpaka kivuli cha mwembe kikahama. Alinipa maji katika kata, nikanywa nikiwa nimekaa kwenye kigoda chake, nikaiona taadhima ya kitendo kile kwa namna nisiyopata kuiona nilipokuwa mwenyeji kwetu.

Kilosa umekaa pale milima ya Usagara inapokoma na uwanda wa Mkata unapoanza, na kwa sababu hiyo wengi waliotaka kupanda kwenda nchi za kati wamepita mlango huo huo. Wapelelezi wa Kizungu Burton na Speke walivuka milima ya Usagara mwaka 1857. Stanley, akimtafuta Livingstone mwaka 1871, aliukuta uwanda wa Mkata umejaa maji ya masika, akavuka katika tope na maradhi kabla ya kufuata Mkondoa kwenda Mpwapwa. Na kabla yao na baada yao walipita wapagazi wasiohesabika, Wanyamwezi na Waswahili, wakimfuata kirangozi na bendera yake, ambao hawakuandika kitabu chochote. Reli iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1905 ilifika Morogoro mwaka 1907, nayo ilipoendelea kuelekea Tabora, iliyoifikia mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914, wahandisi wake hawakuona njia nyingine bora kuliko ile iliyochaguliwa na miguu ya wapagazi. Mnamo Agosti 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, majeshi ya upande wa Waingereza chini ya Jenerali van Deventer yaliwaondoa Wajerumani Kilosa kwa kufuata njia hiyo hiyo. Na reli ya kisasa, ambayo treni zake zilianza kwenda Dodoma katikati ya mwaka 2024, nayo imo humo bondeni, ila pale mto ulipokuwa ukizila reli za zamani yenyewe imeingia ndani ya milima kwa mahandaki manne, refu kuliko yote likizidi kidogo mita 1,000.

Hivyo Kilosa ni mji uliozoea watu wapitao. Aliyezoea wapitao hujua kuwauzia chakula upesi na kuwaaga upesi, na mtu asiyepita huwatia wasiwasi. Nilipanga chumba katika gesti ndogo isiyo mbali na stesheni ya zamani, yenye ua uliofagiliwa mpaka ardhi ikang'aa, na mama mwenye gesti, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya upole, aliandika jina langu kwenye daftari, akaandika nitokako, akafika kwenye nafasi ya shughuli akasita.

"Niandike nini hapa, baba?"

"Andika matembezi."

Akaandika "mstaafu", akanipa ufunguo. Jioni ile aliniletea wali kwa samaki wa kambale bila ya kuniuliza, akaketi mkabala nami, kwa sababu, kama alivyosema, si vizuri mtu mzima ale peke yake kama aliyetengwa. Hapo ndipo nilipofahamu kwamba upweke wa msafiri, ambao jamaa zangu waliuogopa kwa niaba yangu, huwa mali ya wenyeji mara wanapouona. Hawauachi ukae bila ya kuushughulikia. Laiti ningalikuwa na mwenzi, mama yule angaliweka sahani mbili mezani akaenda zake, nami nisingaliisikia habari ya cherehani.

Cherehani hiyo ilikuwa ukumbini, ya kukanyaga kwa miguu, chuma chake kimeliwa na kutu kwenye gurudumu na katika maungio yote, lakini ilikuwa imepakwa mafuta na uzi umetungwa. Usiku mmoja mwishoni mwa Desemba 2009, alinisimulia, Mkondoa ulilivunja tuta lililojengwa tangu zama za ukoloni kuukinga mji, na maji yakaingia watu wakiwa wamelala. Waliamshwa na sauti ya vyombo vikigongana sakafuni. Alimpandisha mama yake mzazi juu ya kabati, akawatoa watoto kwa dirisha la nyuma wakipokewa na jirani, na alipotaka kurudi kuichukua cherehani, iliyokuwa riziki yake, jirani alimshika mkono. Maelfu ya watu walibaki bila makazi, wakakaa katika mahema kwa muda mrefu. Reli kati ya Kilosa na Gulwe ilizolewa vipande vipande, na treni zisipite kwa miezi. Cherehani aliikuta baada ya maji kushuka, imezama katika matope mpaka shingoni. Aliifungua skrubu moja moja, akaziosha kwa mafuta ya taa, akazipanga juu ya gunia kwa utaratibu aliozitoa, akaiunga upya. Kwa kushona sare za shule kwa cherehani ile ndipo alipopata fedha za kuijenga gesti.

Asubuhi yake nilikwenda kuutazama mto. Wakati wa kiangazi Mkondoa ni maji machache yenye rangi ya chai, yakipita katikati ya mchanga mwingi mno, na mchanga huo ndio siri ya msiba wote: unashuka kutoka milima na nyanda za juu zilizopungukiwa na miti, unajilaza katika kitanda cha mto mwaka hata mwaka, kitanda kinapanda, hata siku ya mvua kubwa mto unajikuta umeinuka karibu sawa na mji unaopita ndani yake. Tuta linaweza kutengenezwa, na limetengenezwa. Lakini mtu akisimama juu yake, akaona ng'ombe wakipanda na kushuka kwenda kunywa, na bustani za mchicha zilizolimwa mpaka kwenye mteremko wake, ataona kwamba ulinzi wa mji ule unatakiwa kuanza mbali, katika vilima vya watu ambao hawajapata kuiona Kilosa. Nilichota maji kwa kiganja. Nilifurahi kama mtoto kufikiri kwamba yatapita Dakawa, yatapita chini ya madaraja yote, na yatafika Saadani bila mimi.

Katika baraza la kahawa karibu na soko nilidhaniwa kuwa mtu wa Ardhi. Hili lilihitaji wasaa kulifahamu. Kandokando ya mji yako mashamba makubwa ya mkonge yaliyotelekezwa, na kwa miaka mingi wakulima wasio na ardhi wamekuwa wakiyatazama. Baadhi ya hati zimefutwa na Serikali na ardhi ikagawiwa wananchi, nyingine bado zina mabishano, na baina ya wakulima na wafugaji pia imemwagika damu, kubwa kupita zote ikiwa ile ya Rudewa, Desemba 2000. Katika mji kama huo mzee mgeni mwenye daftari, anayeuliza shamba hili lilikuwa la nani na mpaka wake ulipita wapi, si mtu wa kupuuzwa. Bwana mmoja aliniuliza kwa adabu kama vipimo vitaanza karibuni. Nikalifungua daftari langu, nikaliweka juu ya meza miongoni mwa vikombe, wakalipitisha mkono kwa mkono na kulisoma. Walipoona majina ya mito na miaka ya Wajerumani wakacheka, na yule aliyekuwa na shaka zaidi ndiye aliyejitolea kunipeleka Kimamba.

Baba yake alikuwa manamba. Alitoka Buha kabla ya uhuru, akasafirishwa kwa treni pamoja na wenzake, kila mmoja na namba yake, katika zama ambazo wenye mashamba walikuwa na ofisi yao ya kuandikisha wafanyakazi, iliyoitwa SILABU, iliyoanzishwa mwaka 1944. Mkonge wenyewe ulikuwa mgeni kama yeye. Asili yake ni Yucatán katika Meksiko. Daktari Richard Hindorf aliuagiza mwaka 1893 kwa njia ya Florida, na katika miche 1,000 ni 62 tu iliyofika hai na kupandwa. Kutokana na hiyo 62 nchi hii ilipata kuongoza dunia, hata mwaka 1964 ilivuna takriban tani 230,000. Kisha kamba za plastiki zikaingia sokoni, bei ikaanguka, mashamba mengi yakataifishwa, na Kimamba, iliyokuwa na walowezi wa Kigiriki, maduka ya Wahindi na kambi zilizojaa watu wa kila kabila, ikapoa.

Mwenyeji wangu alinionyesha kisu cha baba yake, kirefu na chembamba, mpini wake umelainishwa na kiganja mpaka ukashika umbo la vidole. Alinieleza jinsi jani linavyokatwa chini, mwiba wa nchani ukaondolewa kwanza usije ukamtoboa mtu jicho, majani 30 yakafungwa mzigo mmoja, na jinsi mashine iitwayo korona ilivyokuwa ikiyaponda na kuyakwangua, maji ya kijani yakitiririka yenye harufu kali isiyotoka nguoni, kisha singa zikaanikwa kwenye waya mpaka uwanda mzima ukaonekana umetandikwa nyeupe. Nilimwuliza kama amepata kufika Buha. Akasema hapana, baba yake alizikwa Kimamba, jirani ya Mmakonde na Mbena, na wajukuu wa marehemu hao watatu wanacheza mpira katika timu moja na kusema Kiswahili tu. Tulisimama kwenye makaburi hayo, yeye akasoma Fatiha kwa ajili ya baba yake, nami nikaitikia amina kwa ajili ya wote. Wanasiasa wetu husifu umoja wa taifa hili kwa maneno makubwa, nao wana haki ya kuusifu. Ila mimi nilipata kujua siku ile kwamba sehemu yake ilijengwa na watu waliopewa namba mahali pa majina, na hawakupewa shukurani.

Kutoka Kilosa kwenda Mikumi njia ilikuwa ya vumbi katika sehemu zake nyingi, ikipita vijiji vya Zombo na Ulaya katikati ya misitu ya miombo, na Noah niliyopanda ilisimama kila mahali. Sikuwa na haraka. Pale Ulaya nilimwomba dereva anishushe, kwa kuwa nilikuwa nimesikia habari ya mkaa wa vijiji vile. Mkaa wa Dar es Salaam umeimaliza misitu mingi ya Morogoro, kila mtu analijua hilo. Jambo nisilolijua ni kwamba vijiji kadhaa vya wilaya hii, kwa msaada wa mashirika ya TFCG na MJUMITA, vimejiwekea misitu yao ya hifadhi, vikatenga sehemu ya uvunaji, vikaigawa katika vitalu vya mita 50 kwa 50, kinachovunwa kikipakana na kisichovunwa, na kitalu kikisha kuvunwa huachwa kwa miaka 24 kabla ya kuguswa tena. Kijana mmoja wa kamati ya maliasili ya kijiji alinipeleka kwenye kitalu kilichokatwa miaka michache nyuma. Visiki vilikuwa vimeachwa virefu kiasi cha goti, na kutoka katika kila kimoja chipukizi zilikuwa zimetoka nyingi, baadhi zimekwisha kunipita kimo.

"Ukiking'oa kisiki, mzee, umeua," aliniambia. "Ukikiacha, mizizi yote iko chini inafanya kazi."

Fedha za ushuru wa mkaa huo, alisema, hukaa kijijini, na mkutano wa kijiji ndio uamuao zifanye nini. Sikuona mahali pengine katika safari yangu ambapo watu walizungumza juu ya miaka 24 ijayo kwa utulivu kama ule, na nikaukumbuka mchanga wa Mkondoa.

Mikumi mjini panaonekana usiku kuliko mchana. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Iringa, Mbeya na Tunduma hupita katikati yake, na malori ya Zambia na Kongo hulala hapo kwa makumi, mataa yakiwaka, mama lishe wakipika chipsi na nyama, mafundi wakiwa chini ya magari. Mashariki ya mji ndipo ilipo Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964 na yenye kilometa za mraba 3,230, na barabara hiyo huikata kwa takriban kilometa 50. Kuingia hifadhini kwa mtu asiye na gari ni taabu; nilisaidiwa na walimu wa shule moja waliowaleta wanafunzi wao, ambao walipojua kuwa nami nilikuwa mwalimu walinipisha kiti cha mbele kama haki yangu. Katika bwawa la viboko watoto walinyamaza wenyewe, bila ya kuambiwa. Kiboko mmoja alifungua kinywa karibu nasi, na mwalimu akaeleza meno yale ni silaha, siyo ya kutafunia majani. Msichana mdogo aliyekaa nyuma yangu akaandika neno kwa neno, akaniuliza kwa kunong'ona kama "silaha" ina herufi "h" mbili. Kwenye uwanda wa Mkata, ule ule uliomsumbua Stanley, nyati walikuwa wamelala juani na ndege wakiwapekua kupe, na mbali kidogo ilisimama ile miti ya jamii ya mitende iliyoipa hifadhi jina lake.

Usiku wa mwisho nilikula na dereva wa lori aliyekuwa akitoka Lubumbashi na mzigo wa shaba kwenda bandari ya Dar es Salaam. Utingo wake alikuwa ameugua, akamwacha Mbeya, hivyo naye alikuwa peke yake, na tulikutana kwa sababu mama lishe hakuwa na meza nyingine. Alinieleza kwamba wenzake wengi huivuka hifadhi usiku ili kuokoa saa. Yeye haivuki usiku tena. Vibao vya faini vipo, alisema, na mwendo umewekewa kikomo, lakini tembo haonekani katika taa mpaka umemkaribia mno, na pundamilia hukimbilia mwanga; aliwahi kumgonga mmoja, akakaa kando yake barabarani mpaka askari wa hifadhi walipofika, na hakupenda kukaa hivyo mara ya pili. Mimi naona barabara ile, maadamu haiwezi kuhamishwa, ingefaa ifungwe kwa malori usiku, hata kama biashara ya nchi jirani itachelewa kwa saa chache, kwa maana wanyama wale hawana saa nyingine ya kuvuka kwenda kwenye maji. Yeye hakubishana nami, wala hakukubali. Alisema hilo ni la wakubwa.

Alfajiri alinipa nafasi mbele, nikapanda kwa shida ngazi za lori lile mpaka kitini. Tuliingia hifadhini jua likichomoza, akaenda mwendo wa kilometa 50 kwa saa akiangalia kushoto na kulia kama mtu anayetafuta kitu alichokiangusha, na malori mengine yakatupita yakipiga honi. Nyani walikuwa wamekaa ukingoni mwa lami wakingoja maganda yanayotupwa na abiria wa mabasi. Nilimwuliza kama tajiri wake anaridhika na mwendo ule.

"Hukasirika, mzee," akasema, akipunguza gia kwa ajili ya twiga aliyekuwa bado hajaamua kuvuka. "Hunipigia simu kila nikichelewa. Nami humwambia nipo Mikumi, nawasubiri wapite."